UZI: Ripoti ya kinyama (kipande cha mwili kilichokatwa kupimwa) imeandika p53, CDX2, MYC. Hivi ni vitu gani, na vinahusikaje na saratani ya umio, tumbo na utumbo mpana?

#1 Fundi_Slaidi

Wakuu, salamu kutoka Kampala.

Kila ndugu au jirani akitolewa kinyama hospitali, picha ya ripoti inaishia kwenye simu yangu. "Hebu nisomee hapa, wameandika p53, ni mbaya?" Mimi ni fundi wa maabara ya patholojia: nakata vinyama, napaka rangi, daktari ndiye anayesoma na kutoa jibu. Kwa hiyo humu simtibu mtu. Ila maswali ni yaleyale, nikaona niandike mara moja, nikiulizwa tena natuma linki tu.

Karibu kila seli mwilini mwako ina jeni zilezile, kama 20,000. Seli ya umio haifanani na ya utumbo mpana kwa sababu jeni zilizowashwa huku zimezimwa kule. Wanaowasha na kuzima ni protini maalumu: zinashika DNA karibu na jeni, na jeni hiyo inanakiliwa au inaachwa. Binadamu ana aina zipatazo 1,600 za protini hizo. Hapa nitaziita vidhibiti jeni. Majina mengi yanayowatisha kwenye ripoti ni ya hivyo vidhibiti.

Utando wa ndani wa utumbo hujibadilisha kila baada ya siku 3 hadi 5. Seli changa zinazaliwa chini kabisa kwenye vishimo vidogo, zinapanda, zinakomaa, zinakufa na kutoka na choo. Kule chini kuna vidhibiti vinavyoamuru seli igawanyike. Ikishapanda, amri hiyo inatakiwa izimwe na nyingine iwashwe, ya kukomaa. Saratani nyingi za utumbo mpana zinaanzia hapo: seli imefika juu na amri ya chini bado inawaka.

Sasa p53, kidhibiti kinachoamka DNA ikijeruhiwa, maana ndiyo inayoulizwa kuliko zote.

Kinyama kinafika kwenye formalini (dawa ya kukizuia kisioze), kinapitishwa kwenye spiriti, kinazamishwa kwenye nta, kisha nakikata unene wa mikroni 3 au 4. Namwagia kingamwili inayokamata p53 peke yake. Mwisho, palipo na protini hiyo panabaki rangi ya kahawia, pasipo nayo panabaki buluu.

Kwenye utando wenye afya unaona viini vya seli vina kahawia hafifu, kimoja hapa, viwili pale, vingi havina. Hiyo ndiyo p53 yenye afya: inatengenezwa na kuharibiwa muda wote. DNA ikijeruhiwa, haiharibiwi tena, inaongezeka. Inajiunga nne nne, inashika DNA, inawasha p21 inayosimamisha seli isigawanyike, na mambo yakishindikana inawasha PUMA na BAX zinazoiua seli hiyo. Wakati huohuo inawasha MDM2, na kazi ya MDM2 ni kuiharibu p53 yenyewe. Yaani inamwandaa mwenyewe wa kuiondoa shughuli ikiisha. Mimi huwa naona hapo ndipo penye ufundi kuliko sehemu nyingine yoyote ya habari hii.

Herufi moja ya jeni ikibadilika (kodoni, yaani herufi tatu zinazosomwa pamoja, namba 175, 248 na 273 ndizo zinazopigwa mara nyingi), p53 inatengenezwa vizuri tu lakini haiwezi kushika DNA inavyotakiwa. Haiwashi p21. Haiwashi MDM2 pia. Hakuna wa kuiondoa, inarundikana. Ukiweka slaidi chini ya hadubini, viini vyote vya uvimbe vimekolea kahawia mpaka vinakaribia weusi.

Lakini kuna uharibifu mwingine: jeni imekatika, protini haitoki kabisa. Hapo uvimbe wote ni buluu tupu, na seli za kawaida pembeni zina kahawia yao kidogo, kuthibitisha kwamba rangi ilifanya kazi.

Kwa hiyo kukolea kote ni p53 mbovu, na kukosekana kote ni p53 mbovu. Anayekwambia "p53 yako ni hasi, shukuru Mungu" hajui anachosema. Kwenye saratani ya umio ya seli bapa, ambayo ndiyo tunayoiona kwa wingi Afrika Mashariki, jeni hii imeharibika kwa zaidi ya wagonjwa 8 kati ya 10.

Naendelea chini, simu inaishiwa chaji.

#2 Boda_Katwe

Banange! Kumbe "hasi" nayo si salama. Endelea fundi, nimekaa.

#3 Fundi_Slaidi

Nimerudi. CDX2 na MYC.

CDX2 ndicho kidhibiti kinachoiambia seli "wewe ni wa utumbo". Kwenye ripoti kinatumika sana kutafuta asili. Mgonjwa anakuja na vivimbe kwenye ini, hajui vimetoka wapi. Tukikata kipande cha ini tukakuta seli zenye CDX2 na CK20 lakini hazina CK7 (hizo CK ni protini nyingine za kutambulisha aina ya seli), daktari anaelekeza macho kwenye utumbo mpana. Ukiona "CDX2 chanya" usishtuke. Wanataja kabila la uvimbe, hawajasema ukali wake. Kinyume chake ndicho cha kuuliza: saratani ya utumbo mpana iliyopoteza CDX2 imesahau ilikotoka, na utafiti uliotoka Marekani mwaka 2016 ulionyesha kwamba wagonjwa wa hatua ya pili wasio na CDX2 walikuwa na hali mbaya zaidi, na walionekana kufaidika na dawa za kemo ambazo kwa kawaida hatua hiyo hawapewi.

MYC sasa. Hii ina historia na Uganda kuliko mnavyodhani.

Mwaka 1958 daktari mpasuaji wa hospitali ya Mulago, Kampala, Denis Burkitt, aliandika kuhusu watoto waliokuwa wakivimba taya kwa kasi ya ajabu. Ndiyo hiyo inayoitwa limfoma ya Burkitt, saratani ya seli nyeupe za damu. Mwaka 1982 ikajulikana kilichotokea ndani ya seli: kipande cha kromosomu ya 8 chenye jeni ya MYC kimekatika na kuunganishwa kwenye kromosomu ya 14, pembeni ya jeni za kingamwili, ambazo kwenye seli za damu za aina hiyo huwa zinawaka muda wote. Ni kama mtu aliyehamishiwa nyumba ya ukutani na disko la Kabalagala: hata kama yeye hataki, halali. MYC ni kidhibiti kinachowasha jeni nyingi mno, za kukua, za kutengeneza protini, za kugawanyika. Ikikosa kulala, mtoto anavimba.

Njoo kwenye utumbo mpana. Huko MYC iko palepale pake, haijahamishwa. Kilichovunjika kipo mbali, jeni ya APC kwenye kromosomu ya 5. APC si kidhibiti. Kazi yake ni kuhakikisha protini nyingine, beta-katenini, inaharibiwa kabla haijaingia kwenye kiini. APC ikivunjika, beta-katenini inaingia, inashikana na kidhibiti TCF4, na mmoja wa wanaowashwa ni MYC. Hilo lilionyeshwa mwaka 1998. Takriban saratani 8 kati ya 10 za utumbo mpana zina APC iliyoharibika. Wapo wanaozaliwa nayo hivyo. Kwenye ujana wao utumbo unajaa vinundu mamia hadi maelfu, na wasipoukata utumbo huo karibu wote hupata saratani.

Protini ni ileile, Burkitt na utumbo mpana. Anayeiachia ndiye tofauti. Mtu akikwambia "MYC imepanda", swali la kuuliza ni: imepandishwa na nani?

#4 Mzee_Bombo

Kijana umeongea. Niongezee kidogo upande wa historia, maana watoto wa siku hizi wanadhani kila kitu kilianzia Ulaya. Burkitt huyo alipofika mwaka 1946 kituo chake cha kwanza kilikuwa Lira, Kampala alikuja baadaye. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili waliingia kwenye gari wakazunguka Afrika Mashariki hadi kusini, wakiuliza hospitali baada ya hospitali kama wanauona ugonjwa huo. Vinyama kutoka hapa vilisafirishwa kwa ndege hadi London, na mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr wakaona kirusi ndani yake. Mwaka 1967 pale Mulago kikafunguliwa kituo cha kutibu limfoma. Ndicho hicho leo Taasisi ya Saratani ya Uganda.

#5 Fundi_Slaidi

Mzee wangu, asante sana. Na huyohuyo Burkitt, mwaka 1971 akiwa amesharudi Uingereza, ndiye aliyeandika kwamba saratani ya utumbo mpana ilikuwa adimu Afrika kwa sababu watu walikula vyakula vyenye makapi (nyuzinyuzi) mengi. Mtu mmoja, saratani mbili, zote MYC ndani yake, na wakati huo yeye hakujua.

#6 Daktari_Mdogo (Gulu)

Habari fundi. Hilo la makapi naomba nilifafanue maana wagonjwa wanauliza. Viazi vitamu, maharage, mtama, unga wa dona: makapi yake hayasagwi tumboni, yanafika utumbo mpana na bakteria wanayachachusha. Wanatoa asidi inayoitwa butireti. Seli zenye afya za utumbo mpana zinaitumia kama chakula. Pia butireti inazuia vimeng'enya vinavyoifungia DNA, kwa hiyo inabadilisha jeni zipi zisomwe. Yaani mlo unagusa uwanja uleule vinapofanyia kazi vidhibiti. Nadharia ya Burkitt haikusimama yote kama alivyoiandika, kuna mambo mengi pembeni (nyama za kusindikwa, pombe, unene, kukaa tu). Ila nafaka zisizokobolewa bado zinahesabiwa upande wa kinga.

Na Kampala saratani ya utumbo mpana inapanda, rejista ya saratani imeonyesha hivyo kwa miongo kadhaa. Msijifariji kwamba ni ugonjwa wa Wazungu.

#7 Lori_Malaba

Mimi ni dereva, Mombasa–Malaba–Kampala. Kwenye foleni ya mpakani chai tunaipiga inatoka jikoni moja kwa moja, moshi mpaka machoni. Wenzangu wawili watatu wazee chakula kilianza kukwama kooni, wakaondoka. Hiyo chai na hizo protini zina uhusiano au ni maneno ya watu?

#8 Fundi_Slaidi

Pole sana ndugu.

Mwaka 2016 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, IARC, liliviweka vinywaji vyenye joto zaidi ya nyuzi 65 kwenye kundi la vitu ambavyo kuna uwezekano mkubwa vinasababisha saratani ya umio. Tatizo ni joto, halina uhusiano na majani ya chai. Utando ukiungua kila siku unalazimika kujijenga kila siku, seli zinagawanyika kuliko kawaida, na kila mgawanyiko ni nafasi ya kunakili herufi vibaya. Sigara na waragi vikiongezeka hapo, herufi zinaharibiwa moja kwa moja.

Umio una vidhibiti vyake vya kuufanya uwe umio: SOX2 na p63. Jeni zake zote mbili ziko kwenye mkono mrefu wa kromosomu ya 3. Saratani ya seli bapa mara nyingi inajirudufia kipande hicho, nakala zinakuwa nyingi kupita kiasi. Ona ujanja: kidhibiti kilichoujenga umio ndicho kinachotumika kuukuza uvimbe.

Ukanda wetu kuanzia Ethiopia kushuka hadi Afrika Kusini una saratani hii kwa wingi usio wa kawaida. Mwaka 2021 wanasayansi walisoma jenomu 552 za saratani hiyo kutoka nchi 8, Kenya, Tanzania na Malawi zikiwemo, wakitafuta alama ya kitu kimoja kinacholeta tofauti kati ya nchi na nchi. Hawakuipata. Alama zilifanana, penye wagonjwa wengi na penye wachache. Kwa hiyo chai si mchawi pekee, lakini iache ipoe, haina gharama. Na chakula kikianza kukwama, hata kama ni posho (ugali) tu na matoke yanapita, usisubiri mpaka maji yakwame. Hapo ndipo wengi wanapokuja.

#9 Mama_Akiki

Fundi mimi nina vidonda vya tumbo, nilipimwa nikaambiwa nina bakteria, nikapewa dawa za wiki mbili. Nilizimaliza. Kinyama kikasema "metaplasia ya utumbo". Nimeshindwa kulala.

#10 Fundi_Slaidi

Dada, kwanza hongera kwa kuzimaliza, wengi wanaacha maumivu yakipungua. Bakteria huyo ni *Helicobacter pylori*, yuleyule ambaye Barry Marshall wa Australia alimnywa kwa makusudi mwaka 1984 kuthibitisha kwamba anaunguza tumbo. Yeye na Robin Warren wakapewa Nobel mwaka 2005. Anapokaa miaka mingi, uvimbe-joto wake unawasha kidhibiti kingine, NF-κB, na utando unachakaa. Baadhi ya seli za tumbo zinawasha CDX2, ambayo tumboni haina kazi. Zinaanza kufanana na seli za utumbo. Hiyo ndiyo metaplasia uliyoandikiwa. Si saratani. Wengi walio nayo hawafiki huko. Lakini ni alama ya njia, ndiyo maana daktari anaweza kutaka kukupitishia kamera tena baadaye. Muulize mambo mawili: imeenea kiasi gani, na je, bakteria wamepimwa tena kuona wameisha?

#11 Mwl_Arua

Nafundisha baiolojia sekondari. Wanafunzi wangu waliniuliza: tembo wa mbuga ya Murchison ana seli nyingi kuliko sisi, mbona hajai saratani?

#12 Fundi_Slaidi

Mwalimu, waambie tembo ana nakala 20 za jeni ya p53, sisi tuna moja kutoka kwa kila mzazi. Ilichapishwa mwaka 2015. Nakala nyingi ni fupi, si kamili, lakini seli za tembo zikijeruhiwa DNA zinakufa haraka kuliko zetu. Wana bahati.

#13 Boda_Katwe

Sasa kama tunawajua kwa majina, MYC, p53, mbona hakuna dawa ya kuwazima moja kwa moja? Na kuna mzee hapa Katwe anauza unga wa majani ya kitafeli (stafeli) na mululuza (mmea wa majani machungu), anasema unaua saratani kuliko kemo.

#14 Daktari_Mdogo (Gulu)

Nijibu la dawa. Dawa nyingi zinafanya kazi kwa kuingia kwenye shimo dogo la protini na kukaa humo. MYC haina shimo, haina hata umbo la kudumu mpaka ishikane na mwenzake, na inaishi kama nusu saa tu kabla ya kuharibiwa. Unailenga wapi? p53 ni ngumu kwa sababu nyingine: kuzima kitu ni rahisi kuliko kufufua kilichokufa.

Isichukuliwe kwamba vidhibiti vyote havigusiki. Tamoksifeni, ambayo mama zetu wanameza kwa saratani ya matiti, inazuia kipokezi cha estrojeni, na hicho ni kidhibiti jeni. Mwaka 2021 Marekani iliidhinisha belzutifani inayozuia kidhibiti kingine, HIF-2α, kwa uvimbe wa ugonjwa mmoja wa kurithi. Kwa umio, tumbo na utumbo mpana, dawa inayokamata MYC yenyewe bado iko kwenye majaribio. Kisu, mionzi na kemo ndivyo tunavyovitegemea zaidi.

Kuhusu kitafeli: kumwagia maji ya majani kwenye seli ndani ya sahani ya maabara, zikafa, ni rahisi. Hata jiki itaziua. Mimi simkatazi mtu kunywa mululuza, bibi yangu anakunywa. Namkataza kuuza ng'ombe anunue unga wakati uvimbe bado unaweza kukatwa.

#15 Fundi_Slaidi

Hilo la jiki nimelipenda.

Mimi niseme la kwangu linalonikera. Kuna hospitali moja siitaji, ilituletea kinyama cha umio kwenye chupa ya maji ya kunywa, ndani maji matupu, kimesafiri kwenye basi usiku kucha. Kilikuwa kimeoza. Protini zote hizi ninazoziongelea zilikuwa zimeshajila zenyewe. Napaka p53 inatoka tupu, seli za kawaida nazo tupu. Jibu hakuna. Mgonjwa akarudishwa kupitishiwa kamera upya, na hawezi hata kumeza mate. Kama unamsindikiza mtu, uliza: kimewekwa kwenye formalini? Imekifunika chote? Jina limeandikwa kwenye kopo lenyewe, si kwenye kifuniko?

#16 Mzee_Bombo

Na karanga? Redioni tunaambiwa zenye ukungu zinaleta saratani.

#17 Fundi_Slaidi

Ya ini, mzee. Ukungu unaota kwenye karanga na mahindi yaliyoanikwa vibaya, unatoa sumu ya aflatoksini. Mwaka 1991 iligundulika kwamba wagonjwa wa maeneo yenye sumu hiyo wanavunjika p53 mahali palepale, kodoni 249, herufi ileile moja. Ni nadra sumu kuacha alama wazi namna hiyo. Akiwa na homa ya ini B pia, hatari inazidishwa. Watoto wanachanjwa homa ya ini B hapa tangu 2002. Wajukuu wako wahakikishie kadi.

#18 Mwl_Arua

Fundi, niko na la binafsi. Mdogo wangu ana miaka 38, saratani ya utumbo mpana upande wa kulia, amekatwa wiki iliyopita. Ripoti: CDX2 chanya, p53 "mtindo wa kawaida". Baba yetu alikufa na tumbo, shangazi alikufa na mfuko wa uzazi. Nifurahi p53 ni nzima?

#19 Fundi_Slaidi

Mwalimu, pole kwa familia. Usiishie kwenye p53. Umri huo, upande wa kulia, baba, shangazi wa mfuko wa uzazi: kuna ugonjwa wa kurithi unaitwa Lynch, ambapo kilichovunjika ni protini za kusahihisha makosa ya kunakili DNA, si vidhibiti nilivyovitaja. Saratani zake mara nyingi zina p53 nzima, kwa hiyo ripoti hiyo haiuondoi. Muombe daktari wake apime MLH1, MSH2, MSH6 na PMS2. Zinapakwa kwenye kinyama kilekile kilichobaki kwenye nta, hakatwi tena. Maabara inatakiwa iwe imekitunza. Mpe daktari namba ya kipande, iko kwenye ripoti.

#20 Daktari_Mdogo (Gulu)

Naunga mkono. Na usisubiri majibu ndipo uwaambie ndugu wengine. Wewe mwenyewe una miaka mingapi mwalimu?

#21 Mwl_Arua

44.

#22 Daktari_Mdogo (Gulu)

Nitumie ujumbe pembeni, tupange wewe upitishiwe kamera ya utumbo mpana.